Mchujo wa vyama Kisumu, Busia na Nakuru: sajili ndiyo inayouangusha

Kisumu, ngome ya chama cha ODM nchini Kenya, anayepata tiketi ya chama hicho katika mchujo wa Aprili, yaani kura ya ndani ya kuteua mgombea, huenda debeni katika uchaguzi mkuu wa Agosti akiwa na nusu ya ushindi mkononi. Ndiyo maana mchujo unastahili kukaguliwa kwa ukali kuliko huduma nyingine yoyote ya chama, na kwa maoni yetu bado haujafikia kiwango.

Mchujo wa wazi, unaomkubali kila mpiga kura, humpima mwaniaji mbele ya watu wote. Tatizo ni karatasi za kura: chama hakijui kichapishe ngapi, na wafuasi wa mpinzani wanaweza kuja kukuchagulia mgombea dhaifu. Aprili 2017 chama cha Jubilee kilifuta kura zake za mchujo, baadhi ya vituo vikiwa vimeishiwa karatasi, kikapanga tarehe mpya. Nakuru, iliyokuwa ngome yake, ilibidi ingoje pia.

Tangu sheria ya vyama vya siasa irekebishwe 2022, wanaopiga kura ni wanachama walio kwenye sajili, au wajumbe wao. Tunaunga mkono njia ya wanachama, ila sajili zenyewe zina kasoro kubwa: 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Ingia eCitizen, fungua huduma za Msajili wa Vyama, tazama uko chama gani. Kama si chako, jiuzulu hapo hapo ndipo ujiunge na unachotaka. Fanya hivyo miezi kadhaa mapema, kwa sababu orodha ikishafungwa karani wa kituo hana la kukusaidia.

Mwaniaji naye aweke ajenti kila kituo na asiondoke bila nakala ya matokeo iliyotiwa sahihi. Malalamiko huanzia kwenye kamati ya chama, kisha jopo la mizozo ya vyama, halafu Mahakama Kuu. Ukiruka hatua ya kwanza, kesi yako inaweza kutupwa kabla ya kusikizwa.

Kuwa mgombea huru kunataka uwe umetoka chamani miezi 3 kabla ya uchaguzi, na katika ngome si njia rahisi. Jack Ranguma wa Kisumu na Paul Otuoma wa Busia waliijaribu 2017 wakiwania ugavana, wakashindwa. Otuoma alirudi na tiketi ya ODM 2022, akawa gavana.

Tiketi ya moja kwa moja, yaani bila mchujo, kama aliyopewa Gladys Wanga na ODM kuwania ugavana wa Homa Bay 2022, tunaipa sifuri. Haijalishi uwezo wa anayeipokea: mwanachama aliyesajiliwa kihalali hakuulizwa.