Ndoo ya kunawia ya kukanyaga: chuma kizuri, ila maji anajaza nani?

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na haukupita muda kila mlango wa Dar es Salaam ukawa na ndoo. Mwanzoni ilikuwa ndoo yenye koki juu ya stuli. Kisha ikaja ya chuma, ya kukanyaga: kanyagio la kushoto maji, la kulia sabuni. Leo nyingi zimebaki fremu tupu, zinaanikiwa madekio nyuma ya ofisi au zimepandishwa vyungu vya maua. Lakini kipindupindu hakijatuaga, Marburg ilizuka Kagera mwaka 2023, na watu bado wanakula kwa mkono. Kwa hiyo swali la mwenye mgahawa, ukumbi au shule bado lina maana: inunuliwe au isinunuliwe?

Kama mashine, inastahili sifa. Koki ya kawaida unaifungua kwa mkono mchafu, halafu unaifunga kwa mkono uliotoka kunawa, ukijipaka tena ulichokitoa pamoja na cha waliokutangulia. Kanyagio linaondoa hilo kabisa. Pia linabana maji: ukiinua mguu yanakatika, wakati kwenye koki mtu huacha yanamwagika huku akijisugua.

Tatizo ni kwamba wanunuzi waliangalia chuma na kusahau hesabu ya maji. Mtu mmoja akinawa vizuri kwa kukanyaga anatumia kama nusu lita. Ndoo ya lita 20 ni watu 40. Daladala moja aina ya Coaster, hata ikiwa level siti (wote wamekaa, hakuna aliyesimama) kama ilivyoagizwa wakati ule, inakaribia watu 30. Maana yake ndoo inakauka kabla abiria wa gari la pili hawajamaliza kunawa, na konda hamsubiri mtu. Asubuhi kwenye vituo vya daladala vya Mbagala Rangi Tatu au Makumbusho ungehitaji mtu wa kujaza kila baada ya dakika chache, na mtu huyo hakuajiriwa. Ndoo za vituoni zilikuja na jina la mfadhili kwa herufi kubwa, picha ya makabidhiano ikapigwa, ila dumu la kujazia halikuwa sehemu ya makabidhiano.

Hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Maji tiririka hayakuwa ugeni kwa mji huu. Watu wanatawadha kwa kopo na birika, na kabla ya ugali mdogo huwanawisha wakubwa: jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, "karibu maji". Kwa mama ntilie ilikuwa hivyo hivyo, binti anapita na jagi mezani. Mtindo huo ulikuwa na mtu ndani yake. Aliyeshika jagi ndiye aliyejua maji yamebaki kiasi gani, ndiye aliyemwaga beseni, ndiye aliyemwambia mteja "bado sabuni, kaka". Kanyagio lilimtoa mtu huyo kwa sababu nzuri, tusogeleane kidogo iwezekanavyo, lakini kazi zake tatu hazikupewa mtu mwingine. Ndiyo maana ndoo zilizodumu ni zile zilizo karibu na mtu anayezihitaji mwenyewe, kama muuza chipsi au mama ntilie.

Tuje kwenye vyuma. Fremu ni bomba la mraba lililochomelewa, juu kuna mduara wa kukalia ndoo, chini makanyagio mawili. Kanyagio huvuta waya wa breki ya baiskeli au nondo nyembamba, nayo huvuta mkono wa koki ya robo mzunguko, springi huurudisha. Kinachokufa kwanza ni springi. Ikilegea, koki haifungi hadi mwisho, inadondosha. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita nne kwa siku, yaani watu wanane wamenyimwa maji bila mtu kunawa. Cha pili ni waya: unarefuka, mtu anakanyaga hadi sakafuni maji yanatoka kama uzi. Anayeelewa anakaza nati ya waya kidogo. Asiyeelewa anakanyaga kwa nguvu zaidi mpaka anapinda kanyagio.

Kuna muundo mwingine usio na koki: mpira laini unaotoka kwenye ndoo unabanwa na chuma chenye springi, ukikanyaga kinaachia. Hauvutii kwa macho, ila ndio tunaoupendelea. Mpira ukichoka unakatwa kipande kipya, dakika tano kazi imekwisha.

Kupima kabla ya kulipa ni rahisi. Beba chupa ya maji ya nusu lita, iweke chini ya mdomo wa koki, kanyaga, hesabu. Ikijaa kati ya sekunde 8 na 12 iko sawa. Ikijaa kwa sekunde 4, ndoo itaisha kwa watu 20 na suruali zitalowa. Halafu achia, usubiri dakika moja ukitazama kama inadondosha. Kagua rangi pia. Pale Feri au Kigamboni hewa ya chumvi inakula chuma kinachopakwa rangi ya juu juu, hasa kwenye maungio ya kuchomelea. Dai rangi nyekundu ya kuzuia kutu ipakwe kwanza, hata chini ya miguu ya fremu, ambako fundi huwa haoni sababu.

Maji ya kisima yana lawama yake. Sehemu nyingi za jiji wanachimba, na mengi ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, mteja anasema imechakachuliwa. Mara nyingine ni kweli imechakachuliwa, maana sabuni ya maji ya kupima huongezwa maji dukani, ikaongezwa tena ofisini. Jaribu tone moja kwenye maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kabla ya kumgombeza muuzaji. Kwenye pampu ya kanyagio sabuni iwe nzito kama mafuta ya kula. Ikiwa kama uji inakauka mdomoni na kuziba, na watu watanawa maji matupu wakiamini wamenawa. Kipande cha sabuni ndani ya neti ya vitunguu, kikining'inia kwa kamba, hakizibi na hakibebeki kirahisi mfukoni. Hakipendezi mbele ya wageni wa harusi, lakini kinafanya kazi.

Klorini kwenye ndoo "ili iwe na nguvu" iachwe. Sabuni inatosha kuvunja ganda la mafuta la kirusi cha korona mkisugua sekunde 20. Klorini inakula springi na nati, na inachuna mikono ya mlinzi anayenawa mara thelathini kwa zamu.

Tukimtaja mlinzi: mlangoni yeye ndiye alikuwa sheria. Aliyekuja kwa miguu na kapu alirudishwa akanawe. Aliyeshuka kwenye gari la vioo vya giza aliambiwa "pita tu bosi". Hilo fundi wa chuma hawezi kulitengeneza, ila anayepanga mahali pa kuiweka anaweza. Iwe baada ya maegesho, kwenye njia moja ambayo kila mtu lazima apite.

Maji machafu ni sehemu dhaifu kuliko zote. Beseni la chini ni dogo kuliko ndoo ya juu, kosa la ajabu ambalo limenakiliwa karakana kwa karakana. Likifurika panakuwa na dimbwi, na maji yaliyotuama ndimo mbu wa dengue anapotaga. Jiji lilikwishaonja hilo mwaka 2019. Chini iwekwe ndoo yenye ujazo sawa au mkubwa zaidi, au mpira upeleke maji kwenye mtaro.

Kwa mtu wa kiti cha magurudumu kanyagio halina maana. Iwepo koki ya pembeni yenye mkono mrefu unaosukumwa kwa kiwiko. Kwa shule ya msingi mdomo wa koki uwe kama sentimeta 65 kutoka chini, kwa watu wazima 95. Shule isiyo na fungu ijaribu kibuyu chirizi: dumu la lita tano lenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyaga. Kwa kubana maji kinashinda karibu kila mashine ya chuma tuliyoieleza hapa, ingawa hakuna atakayekuja kupiga nacho picha.

Ukiamua kununua, nenda kwa mafundi wa kuchomelea Gerezani au Vingunguti badala ya kuchukua iliyopakwa rangi ya kung'aa dukani, na umtajie fundi urefu, ujazo wa ndoo ya chini na muundo wa mpira. Mwambie akupe springi mbili za akiba za saizi ile ile. Akisema springi zake haziharibiki, vuka barabara ukaongee na jirani yake.