Nilivyomtafuta babu wa bibi yangu kwa FamilySearch: uzoefu wa miezi kumi na minne

Mama wa mama yangu alizaliwa Uingereza, na kutoka upande huo wa ukoo alituachia Biblia moja nene yenye jalada la ngozi. Kati ya Agano la Kale na Agano Jipya kuna kurasa mbili zilizopigwa mistari, ambamo familia iliandika waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Jina la kwanza kabisa ni la babu yake, na mbele yake mwaka 1823. Mimi ni kilembwe wa mtu huyo. Nilitaka kujua zaidi ya jina na mwaka.

Nilianza vibaya. Nilijiunga na huduma moja ya nasaba inayotoza ada kila mwezi, nikaingiza jina na mwaka, na kabla chai yangu haijapoa nikaletewa ubatizo wa mwaka 1823, wazazi, na babu na mababu hadi karne ya 17. Watu zaidi ya kumi walikuwa wameshamweka mtoto huyo kwenye miti ya koo zao. Nilifurahi mno. Nikamtumia mama, naye akawatumia dada zake.

Baada ya wiki kadhaa nilifungua FamilySearch, kwa sababu tu haina malipo. Unafungua akaunti, basi. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo kazi yake ya nasaba ilianza mwaka 1894. Walianza kupiga kumbukumbu picha za mikrofilamu mwaka 1938, na mwaka 2021 wakamaliza kuzigeuza za kidijitali, mikanda milioni 2.4 hivi. Sijawahi kuulizwa dini yangu.

Jambo ambalo lingeniokoa mapema ni hili: vitabu vingi mle ndani vimepigwa picha, lakini majina yake hayajaingizwa kwenye faharasa. Ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, havitokei. Inabidi uingie kwenye katalogi, utafute kwa mahali, uchague parokia, kisha ufunue ukurasa baada ya ukurasa kama uliyekaa na kitabu chenyewe mezani. Nilifanya hivyo kwa parokia ya yule mtoto wa 1823, nikiwa na nia tu ya kuona mazingira yake. Kwenye daftari la maziko la mwaka uliofuata nikamkuta. Jina lile lile, kijiji kile kile, umri miezi kumi na mmoja.

Nilikaa kimya muda mrefu. Tangu mwaka 1813 madaftari ya maziko ya Kanisa la Anglikana yalikuwa na fomu zilizochapwa zenye safu ya umri, kwa hiyo hapakuwa na la kubishania. Watu zaidi ya kumi, nami nikiwamo, tulikuwa tumemfanya mtoto mchanga kuwa babu yetu. Kumwambia mama kulikuwa kugumu. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa wetu yuko wapi, mwanangu?"

Nikarudi kwenye Biblia, safari hii nikiitazama kama ushahidi. Ukurasa wa kwanza unaonyesha ilichapwa mwaka 1859, na majina yote hadi mwaka huo yameandikwa kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Kumbe mtu aliketi siku moja akaandika kwa kumbukumbu ya kichwa. Mwaka 1823 haukuandikwa mtoto alipozaliwa. Anayeanza na Biblia ya ukoo na aangalie kwanza mwaka wa uchapaji, kabla ya kuamini tarehe yoyote ndani yake.

Sensa ndizo zilizonifungulia njia, ingawa nazo zina mitego yake. Katika sensa ya Uingereza ya 1841, makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano ya chini. Mwenye 19 anaandikwa 15. Mimi nilikuwa nikitafuta kijana wa miaka 17 au 18, nikimpita kila siku. Tena sensa hiyo haisemi nani ni mwana wa nani, na kuhusu mahali pa kuzaliwa inasema tu kama ni kaunti ile ile au la. Ya 1851 ni bora mara mia: inataja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, umri kamili, na parokia aliyozaliwa. Nikamkuta humo akiwa na mke na watoto wawili, umri miaka 29, fundi seremala. Jina la ukoo linaanza na H, na karani ameliandika bila H, bila shaka kama alivyolisikia likitamkwa mlangoni. Nilimpata kwa alama ya nyota, ambayo FamilySearch inaikubali badala ya herufi usizo na hakika nazo.

Kwa parokia hiyo mkononi, ubatizo ulipatikana: Septemba 1821. Baba yake ni fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Nisingeukubali kirahisi, maana nilishaungua mara moja, lakini kumbukumbu ya ndoa yake inataja baba mwenye jina lile lile na kazi ile ile. Kumbukumbu za ndoa za Uingereza tangu Julai 1837 huandika jina na kazi ya baba wa kila upande, na kwa mtafutaji hilo ni hazina.

Kuhusu ndoa hiyo nina neno. Nilishaagiza nakala ya cheti kutoka masijala kuu, ofisi ya serikali ya kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo, na maelezo yote yalikuwa sahihi. Ila nakala za masijala kuu zilinakiliwa na mkono wa mtu mwingine. Sahihi zenyewe ziko kwenye daftari lililobaki kanisani, na la parokia yao limepigwa picha. Nilipolifungua nikaikuza, nikaona jina lake alilolichora mwenyewe, herufi kubwa zinazopanda juu ya mstari, kama mtu aliyejifunza kuandika ukubwani au anayeandika kwa nadra. Kando yake, mkewe ameweka alama ya X. Nilimpigia mama simu usiku ule ule. Kwa ukurasa huo peke yake ningeipa huduma hii nyota zote.

Ubatizo wa watoto wao ulinipa maisha yake yaliyosalia, kwa kuwa kila mara kazi ya baba inaandikwa: kibarua, seremala, seremala tena kwa miaka kumi na saba, kisha kibarua. Nini kilimrudisha kwenye ukibarua, daftari halisemi. Mwaka 1891 sensa inamkuta na miaka 69, mjane, ndani ya nyumba ya maskini, yaani taasisi ya umma iliyowapokea wasiojiweza. Kwetu ilisimuliwa siku zote kwamba alifia kitandani kwake, watoto wamemzunguka. Mama alilia. Nilimweleza kwamba wazee wengi wa wakati ule waliingia humo kwa sababu wodi za wagonjwa za nyumba hizo ndizo zilikuwa hospitali ya mtu asiye na fedha, si kwa sababu walitupwa. Ni kweli, na bado halikumfuta machozi.

Kwa atakayejaribu: baadhi ya picha zina alama ya kamera yenye ufunguo, na hizo hazifunguki nyumbani. Lazima uende kwenye kituo cha FamilySearch au maktaba inayoshirikiana nao. Nilienda mara tatu, nikapokewa vizuri na watu wa kujitolea waliojua kusoma miandiko ya zamani kuliko mimi. Pia mti wao wa ukoo ni mmoja wa watu wote, na yeyote aweza kuuhariri, kwa hiyo weka kazi yako mahali pengine pia, na kwa kila jina andika ukurasa uliolitoa. Miti ya wengine ichukue kama fununu. Na usiishie kwenye faharasa, kwani mtu aliyeinakili alisoma mwandiko ule ule unaokusumbua wewe. Fungua picha yenyewe.

Vitabu vya ile nyumba ya maskini havijapigwa picha. Nimeandika barua kwa hifadhi ya kaunti, nasubiri.

Mama aliomba nimchapishie ukurasa wa ndoa tu, ule wa sahihi. Nikamchapishia huo na wa 1891, nikaupa wa pili bahasha yake. Juzi nilipofungua Biblia nilivikuta vyote viwili vimewekwa kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, na bahasha ilikuwa imefunguliwa.