Uzoefu wangu: bingwa wa mizizi ya meno kwa gego la juu (nyota 4 kati ya 5)

Jino lililohitaji matibabu ya mzizi ni gego kubwa la kwanza la juu, na ndiyo sababu nilitafuta bingwa. Lingekuwa jino la mbele nisingehangaika: lina mzizi mmoja, kwa kawaida mfereji mmoja (tundu jembamba ndani ya mzizi linalosafishwa na kujazwa), na daktari wa meno wa kawaida aliye makini analimaliza vizuri. Gego hili lina mizizi mitatu lakini mara nyingi mifereji minne. Ule wa nne umejificha kwenye mzizi wa mbele, upande wa shavu, mdomo wake ni mdogo kuliko ncha ya pini na mara nyingi umefunikwa na ukuta wa jino wenyewe. Ukiachwa, bakteria wanabaki humo, na jino "lililotibiwa" linaanza tena kutunga usaha miezi au miaka baadaye.

Kwa hiyo swali langu kwa kila daktari lilikuwa hilo moja: mfereji wa nne unautafutaje? Mmoja alijibu kwamba ukionekana atautibu. Huyo nilimshukuru nikaaga. Niliyemchagua alinionyesha hadubini yake, akasema atachonga kidogo kidogo sakafu ya jino akifuata mstari mweusi unaounganisha midomo ya mifereji, na kama picha ya kawaida haitoshi ataomba eksirei ya pande tatu. Jibu la aina hiyo hutoka kwa mtu anayeifanya kazi yenyewe.

Kabla ya ganzi alipima, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Aligonga meno kwa mpini wa kioo chake cha kutazamia meno, akabonyeza ufizi, kisha akagusisha pamba yenye dawa ya baridi kali kwenye jino linalouma na kwenye majirani zake. Jino lenye afya hushtuka, halafu hutulia sekunde chache baada ya pamba kuondolewa. Maumivu yakiganda nusu dakika au zaidi, kiini (nyama laini yenye mishipa ndani ya jino) kimeumia kiasi cha kutopona. Lisiposikia kitu, huenda kiini kimekufa. Akapima pia mfuko wa ufizi kuzunguka jino kwa kijiti chenye alama za milimita. Mfuko mwembamba ulioingia ndani sana mahali pamoja tu mara nyingi huashiria mzizi uliopasuka kwa wima, na mzizi wa hivyo hauna tiba, ni kung'oa. Ukikosa vipimo hivi unaweza kutibiwa jino lisilohusika, maana maumivu ya gego la chini yanaweza kusikika juu.

Pazia la mpira sina mjadala nalo. Ni kipande chembamba cha mpira kinachotobolewa tundu, jino likachomoza peke yake na mdomo wote ukabaki nyuma. Linazuia mate yasiingize bakteria, faili ndogo (kijisindano cha chuma cha kusafishia mifereji) isidondokee kooni, na dawa ya kuoshea isimwagike mdomoni. Dawa hiyo ni haipokloraiti ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Pamba pembeni mwa jino haziwezi kuchukua nafasi ya mpira huo. Daktari asiyeutumia, mwache.

Urefu wa mifereji ulipimwa mara mbili: kwa kifaa cha umeme chenye ndoano inayoning'inia mdomoni, kisha kwa eksirei. Omba uone picha ya mwisho. Ule ujazo, mpira wa gutapacha pamoja na saruji yake, uonekane mweupe, bila mapengo, na uishie ndani ya milimita 2 kutoka ncha ya mzizi bila kupitiliza. Yangu ilikuwa na mistari minne, nikahesabu mwenyewe.

Faili kuvunjikia ndani hutokea hata kwa mabingwa, kwa sababu chuma huchoka kikizungushwa kwenye kona kali. Nililotaka kusikia ni kwamba likitokea nitaambiwa siku hiyohiyo na litaandikwa kwenye faili langu la hospitali. Alikubali bila kununa.

Ganzi ya juu ilishika haraka. Wenye gego la chini linalopwita wajiandae: sindano ya kawaida ya taya mara nyingi haitoshi, hivyo uliza mapema kama anaongeza ya pembeni ya mzizi. Antibayotiki hakuniandikia, na alikuwa sahihi, kwani sikuwa na homa wala uvimbe uliosambaa. Ibuprofeni ilitosha kwa siku mbili za maumivu ya kutafuna. Wenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo waseme kabla ya kupewa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Kati ya miadi ya kwanza na ya pili jino liliwekewa dawa ya kalsiamu na kuzibwa kwa muda, na kizibo hicho kikamegeka ukingoni siku ya nne. Kinatakiwa kiwe na unene wa milimita 4 hivi. Nadhani changu kilikuwa chembamba. Kikimegeka rudi mara moja, mate yakipenya kazi yote ya kusafisha inaharibika. Pili, yeye hatengenezi kofia za meno (vifuniko vigumu vya kukinga jino lililotibiwa), na barua ya kwenda kwa daktari wangu ilichelewa wiki tatu. Gego lililotobolewa katikati bila kofia linaweza kupasuka kwa kutafuna tu, kwa hiyo panga miadi ya kofia kabla hata ya kuanza matibabu ya mzizi.

Eksirei ya kufuatilia ni baada ya mwaka mmoja. Kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, yaani alama ya maambukizi kwenye mfupa, kinatakiwa kiwe kimepungua au kimeisha, na nitarudi kurekebisha nyota kulingana na picha hiyo.