Walivuka ziwa salama: uzoefu wangu wa kusoma A Farewell to Arms

Nimemaliza kusoma A Farewell to Arms, riwaya ya Ernest Hemingway iliyotoka mwaka 1929, na majonzi yake hayajanitoka hadi leo. Nilijua kwamba ni kisa cha mapenzi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo nilijiandaa kwa kifo cha risasi au cha mzinga. Sikujiandaa kwa kifo cha uzazi.

Frederic Henry ni Mmarekani anayehudumu katika magari ya wagonjwa ya jeshi la Italia, na Catherine Barkley ni muuguzi Mwingereza. Mwanzoni Catherine alinichosha, kwa kuwa kila mara humwambia Frederic kwamba atakuwa vile atakavyo yeye, nikamwona ni mtu asiye na msimamo. Ilinibidi nirudi hadi pale wanapokutana, ambapo ameshika kifimbo chembamba kilichozungushiwa ngozi. Kilikuwa cha mchumba wake, ambaye uchumba wao ulikuwa umedumu miaka 8, aliyeuawa vitani kule Somme, Ufaransa, kabla hawajaoana, na mama wa marehemu ndiye aliyemletea. Baada ya hapo sikuweza tena kumlaumu, maana aliwahi kusubiri na akaona kusubiri kulivyomlipa.

Kurasa za jeshi la Italia kurudi nyuma baada ya kushindwa kule Caporetto mwaka 1917 zimeandikwa kwa ustadi mkubwa, lakini moyo wangu ulibaki ziwani. Usiku wa upepo na mvua, Frederic anapiga makasia kilomita 35 hivi katika Ziwa Maggiore ili wafike Uswisi asije akakamatwa kwa kutoroka jeshini, na mikono yake inachubuka. Anafungua mwavuli uwe tanga. Mwavuli unapinduka na kuvunjika, naye Catherine, mjamzito, anacheka asiweze kujizuia. Walipofika ng'ambo nilishusha pumzi kana kwamba nilikuwa ndani ya mtumbwi ule.

Kumbe nilifurahi mapema. Katika hospitali ya Lausanne, mbali na mizinga yote, uchungu wa Catherine unachukua saa nyingi, anapasuliwa, mtoto wa kiume anatolewa akiwa hana uhai, kisha damu ya mama inakataa kukoma. Nilijikuta nikisema kwa sauti, "Ee Mungu, mponye huyu," ilhali nilikwisha kuona kwamba kurasa zilizobaki ni mbili tu. Frederic anawatoa wauguzi chumbani, anafunga mlango, anazima taa, na kumuaga kwake kunakuwa sawa na kuiaga sanamu. Hemingway alipata kusema kwamba mwisho huo aliuandika upya mara 39, nami naamini, kwa sababu hakuacha humo hata neno moja la kumliwaza msomaji.

Nakipendekeza kitabu hiki kwa moyo wote, isipokuwa rafiki yangu anayetarajia kujifungua mwezi ujao aliponiomba nimwazime, nilimnyima. Nimemwahidi kwamba nitampelekea mwenyewe siku nitakapokwenda kumwona mtoto.