Uzoefu wangu na sekondari moja ya kanisa, Lubumbashi, Kongo: soma kabla ya kulipa minervali (ada ya shule)

Jina la shule siliandiki. Nina mazuri ya kusema na mabaya pia, na binti yangu bado anakaa kwenye madawati yao. Niseme tu kwamba ni shule ya mkataba, ya Wakatoliki, iko komine (wilaya ya mji) ya Kampemba, majengo ya matofali mekundu na mijakaranda mikubwa mbele ya ofisi ya prefe, mkuu wa shule. Wakaaji wa huko wameshajua. Binti aliingia pale ya saba, mwaka wa kwanza wa sekondari, sasa yuko mwaka wa nne wa umanite, ndio wa mwisho, ile darasa ambayo sisi wa zamani tunaendelea kuiita ya sita. Mwaka huu mdogo wake anamaliza msingi, ndiyo maana nilirudi tena kwenye siku yao ya kupokea wazazi wapya, nikakaa kati ya wageni kama vile silijui hata geti.

Siku hiyo wanaipanga vizuri, huwezi kuwanyima sifa. Watoto wamepiga pasi bluu na nyeupe yao, kwaya inaimba, viti vya plastiki vimetandazwa chini ya miti. Prefe alianza kwa Kifaransa na akaendelea kwa Kifaransa, malezi ya pande zote, ubora, nidhamu, wazazi wanatikisa kichwa tu. Mama mmoja nyuma, mtoto mgongoni, akapaza sauti: "Baba Prefe, utusemeshe na mu Kiswahili, ni siye tunalipaka!" Watu walicheka, prefe mwenyewe akacheka, akabadili lugha. Hapo ndipo tukasikia bei.

Minervali ni karibu dola 400 kwa mwaka, kwa transhi tatu, unalipia benki na kuleta bodero, karatasi ya malipo, shuleni. Humo hamna makaroni, ile nembo ya shule ya kushona kwenye shati, hamna jurnali ya darasa, hamna bima, hamna karatasi za mitihani. Mtoto akiwa finalisti, yaani mwaka wa mwisho, unaongeza pesa za kushiriki Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Nilimwona baba mmoja pembeni yangu anahesabu kwa vidole, anasimama, anaanza upya. Namwelewa. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na shule za mkataba zimo humo, kwa hiyo kuna wazazi ambao mtoto amefika ya sita ya msingi bila wao kuzoea neno minervali. Sekondari haikuwekwa kwenye bure hiyo. Shule ikiwa ya mkataba maana yake kanisa linaendesha na serikali ndiyo inayopaswa kulipa walimu. Mambo yako hivyo tangu makubaliano ya 1977. Lakini kuna walimu ambao majina yao bado hayajaingia kwenye orodha ya mishahara, wale tunaowaita NU. Hao wanakula kutoka kwenye prime, pesa tunayowachangia sisi wazazi. Nitarudi kwa mmoja wao.

Getini kuna bango: EXETAT 100%. Wazazi wengi wanaingia kwa sababu ya bango hilo, hata mimi liliniingiza. Na ni kweli, si uongo: wote waliokwenda kufanya mtihani walileta diploma. Mtihani wenyewe si mchezo. Upo tangu 1967, na ni wa nchi nzima. Wanaanza na insha na Kifaransa cha mdomo, opsio (mikondo ya masomo) za kazi zina na juri ya vitendo, halafu zinakuja siku nne za maswali ya kuchagua jibu: maarifa ya jumla, masomo ya opsio, sayansi, lugha. Ukifika asilimia 50 umepata. Matokeo yanaingia kwenye simu, na siku hiyo Lubumbashi yote inakuwa nyeupe, watoto wanamwagiana pudra na unga mpaka ndani ya masikio, pikipiki zinapiga honi hadi usiku. Nani hataki kuona mtoto wake na unga kichwani?

Lakini ni asilimia mia ya nani? Binti yangu alipoingia, ya saba ilikuwa na madarasa mawili, kila moja watoto hamsini na kitu. Leo finalisti wa opsio zote tatu ukiwakusanya pamoja hawajazi darasa moja la siku zile, na kati yao wamo waliotoka shule nyingine katikati ya njia. Wenzake wengine wako wapi? Kila Julai, bultini (ripoti za matokeo) zikitoka, kulikuwa na wale ambao chini kabisa wameandikiwa warudie darasa mahali pengine. Mchele ulioupeta mara tano utakosaje kuwa safi? Siku ile ya wazazi niliuliza swali moja tu: walioingia ya saba pamoja na finalisti wa leo walikuwa wangapi? Prefe alijibu kwa upole kwamba wazazi wanahama sana, kazi za migodi, watu wanafuata mkate Kolwezi. Ni kweli, wapo walioenda Kolwezi, lakini si wote, na wengine ninawaona hapa sokoni komine ya Kenya, wanasaidia mama zao kwenye meza. Ukienda shule yoyote ya mji huu, uliza swali hilo. Ukitaka, uliza na la pili: mtoto anayepata asilimia 48 ya hisabati anafanyiwa nini kabla ya Julai? Pale kwetu jibu lilikuwa masomo ya jioni ya kulipia. Shule ya jirani, wanasema, titulere, mwalimu wa darasa, anamwita mzazi tangu kipindi cha kwanza. Hilo sikulishuhudia mwenyewe, nimelisikia kwa watu wawili wasiojuana.

Kuhusu mwaka wa saba na wa nane, msishtuke mkiona bultini. Hisabati imegawanywa vipande: arithmetiki, aljebra, jiometria, takwimu, kila kimoja na pointi zake, na sayansi vilevile imekatwa botaniki, zoolojia, anatomia. Mtoto anatoka msingi na somo moja la hisabati anakuta manne, na kosa kwenye moja linaandikwa kwa wino mwekundu. Binti yangu alilia kipindi cha kwanza, cha pili akazoea.

Mwisho wa ya nane kuna TENASOSP, mtihani wa kuwaelekeza watoto kwenye opsio. Hapo shule yetu iliniudhi. Wana Sayansi, Biashara na Usimamizi, na Pedagojia, na wana kizingiti chao cha pointi: walio juu wanapelekwa Sayansi, wa katikati Biashara, waliobaki Pedagojia. Hakuna aliyemuuliza mtoto anapenda nini. Kwa hiyo watoto wanaotegemewa kuja kufundisha watoto wetu kesho wanaingia opsio hiyo vichwa chini, kama adhabu. Rafiki ya binti yangu, mtoto mwenye moyo wa kulea, anayewafundisha wadogo wa mtaa mzima chini ya mwembe, alifika Pedagojia akiwa anaona haya kuitaja. Mimi ningemwachia watoto wangu hata leo.

Sasa nitaje la kuudhi kuliko yote, nimalizane nalo. Asubuhi ya mtihani wa semesta ya kwanza, perseptere, mpokea ada wa shule, alisimama mlangoni na orodha. Transhi ya binti yangu ilikuwa imelipwa, bodero ilikuwa ofisini kwao tangu wiki iliyotangulia, lakini hakuna aliyeigeuza kuwa risiti, basi jina lake likasomwa mbele ya wote. Alikaa nje chini ya mti wakati wenzake wanafanya aljebra. Nilipofika na kopi, nikiwa nimeacha vitenge vyangu kwa jirani wa meza, walinikubalia ndani ya dakika chache. Mtihani alipewa baadaye, peke yake, ofisini kwa direkta wa nidhamu, huku watu wanaingia na kutoka. Hakuna aliyeniomba samahani. Na hata kama pesa ingekuwa bado, deni ni la mzazi. Mwanafunzi wa miaka kumi na minne, maana ndiyo aliyokuwa nayo wakati ule, anasimamishwa juani kwa ajili ya nini? Kila bodero pigeni kopi mbili, moja ikae kwenye mkoba wa mtoto.

Laboratwari walituonyesha: kabati moja lenye kufuli, mirija ya glasi na vumbi lake, mikroskopu moja. Niliuliza inatumiwa lini, nikaambiwa ni ya finalisti. Finalisti wangu hajawahi kuigusa.

Na bado somo ninaloona limenirudishia pesa yangu yote ni kemia. Mwalimu wake ni NU, kijana, anakuja kwa miguu kutoka Bongonga. Darasa lake dirishani linaona bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na kile kilima cheusi cha mabaki yake, na mji huu wenyewe ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, lakini watoto walikuwa wanaijua shaba kwenye ubao tu. Yeye akawaambia kila mmoja alete kijiwe cha malakita, lile jiwe la kijani lenye shaba. Kama nyumbani kwenu hakipo, kwa jirani kipo. Wakakiponda, wakatia unga wake wa kijani ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa, wakamimina siki. Vipovu vikaanza kupanda polepole: ile ni gesi inayotoka kwenye kabonati. Wakaacha mpaka kesho yake, maji yakawa ya buluu yenye kijani. Kisha kila kikundi kikapewa msumari wa chuma uliosuguliwa kwa msasa, wauzamishe. Msumari ukatoka umevaa rangi nyekundu.

Najua kwa sababu binti alikuja kurudia yote jikoni kwangu, kwa siki yangu ya saladi. Alinionyesha msumari kwenye mwanga wa dirisha, akanieleza kwamba chuma kinaingia kwenye maji na shaba inatoka, zinabadilishana nafasi. Mjomba wake anayefanya kazi kiwandani alikuwa amekuja, akasema huko kwao wanatumia asidi kali na shaba wanaitoa kwa umeme, lakini habari ni ileile. Wakaongea wawili hao mpaka bukari (ugali) ikapoa. Yale maji ni sumu, kikombe nilikitupa, na mwalimu alikuwa ameshawaonya wasitumie chombo cha chakula. Msichana wangu hakusikia hilo. Tangu siku hiyo anasema anataka kusoma kemia chuo kikuu. Mwalimu huyo siku ya wazazi hakuonyeshwa. Alikuwa anapanga viti.

Kwa hiyo prime naitoa bila kinyongo, si kama ile pesa ya ujenzi inayorudi kila mwaka na ukuta haujapanda. Wale wanaosema prime ifutwe kesho asubuhi wamwambie kwanza mwalimu yule atakula nini.

Mengine kwa haraka. Maji yapo, wana kisima chao cha kuchimba, hawangojei Regideso, kampuni ya maji. Vyoo vya wasichana vina milango na vinafungwa kwa ndani. Nendeni mkaone wenyewe kila mnapotembelea shule, msiishie ofisini. Umeme unategemea SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, masomo ya kompyuta yanategemea umeme, hesabu mnaijua. Usafiri ni shida kwa anayetoka Katuba au Ruashi, mtoto anapanda mara mbili na asubuhi teksibasi zimejaa. Masista walinzi wa nidhamu ni wakali juu ya nywele na simu, mimi hilo linanifaa. Mama anayeuza vitumbula getini anakopesha, muulizeni deni kila mwisho wa wiki.

Testi ya kuingia ya saba inafanyika wakati wa likizo kubwa, Kifaransa na hisabati, na mtoto aje na bultini za miaka miwili ya mwisho. Msichana anayependa vitabu na asiyeogopa kushindana, namshauri mzazi wake ajaribu, akiwa na lile swali langu mdomoni. Kijana wangu simpeleki. Yeye anafungua kila redio inayoingia nyumbani, anataka umeme au mekanika, na pale opsio hizo hazipo. Akibaki pale atasukumwa Biashara na atachoka kabla ya Julai ya kwanza. Tumeshatembelea shule mbili za ufundi: moja ina atelie nzuri lakini mashine zimefunikwa kwa turubai, ya pili watoto tuliwakuta wanachomelea kweli, mikono michafu, mwalimu anapiga kelele. Hiyo ya pili bado sijajua minervali yake.