Picha ya kuposti na picha ya kubaki nayo

Nikijua picha nitaiposti jioni, nafika Forodhani, Zanzibar, nikiwa tayari na haraka. Vijana wanaruka baharini, nami napiga wima kwa sababu simu hushikwa wima, kisha naketi ukutani kuhesabu laiki. Zikiwa nyingi, kesho narudi palepale, saa ileile, kupiga mruko uleule. Faida ipo, sikatai: kuposti hunitoa nyumbani hata siku ya uvivu, na wapo walionifundisha kusoma mwanga kwa maoni yao. Tangu 2021 Instagram inaruhusu kuficha idadi ya laiki. Nilipoificha, mkono ulitulia.

Nisipokuwa na nia ya kuposti, nasubiri. Juzi, bandarini Malindi, nilikaa nusu saa nikimtazama mzee akishona tanga, sindano ikizama na kuibuka, nikapiga mara tatu tu. Vivian Maier, yaya wa Chicago, aliacha negativu za filamu zaidi ya 100,000 ambazo karibu hakuna aliyeziona alipokuwa hai. Hakungoja makofi ndipo atoke na kamera. Mimi nayahitaji kidogo, kwa hiyo naposti baada ya mwezi mzima. Ya mzee nimeisafisha, iko kwenye albamu ya mama.