Fiziotherapia ya maumivu ya ugoko: kilichonisaidia na kilichokula hela yangu

Kwa mwenye haraka: ule uchunguzi wa siku ya kwanza lipia bila kinyongo, mazoezi waliyonipa ndiyo dawa yenyewe, na mashine yao ya mawimbi ya mshtuko mimi sikuona kazi yake. Kliniki siitaji jina. Ipo Dar, na zinazofanana nayo hazikosekani.

Mimi ni mkimbiaji wa kawaida tu, wa kundi la alfajiri linalovuka Daraja la Tanzanite kuelekea Coco Beach. Maandalizi ya nusu marathoni ya Kilimanjaro yalipoanza, kilomita za wiki zikapanda, na ugoko wa kulia ukaanza kuuma upande wa ndani, kuanzia juu kidogo ya kifundo hadi karibu na katikati ya mfupa. Mwanzoni ulikuwa unaacha mwili ukishapata moto. Baadaye ukawa hauachi. Kwenye kundi kila mtu ana dawa yake: mafuta ya nyonyo, jeli ya kuchua, barafu. Barafu inatuliza kweli, ila baada ya muda uko palepale.

Nilichokipenda kliniki ni kwamba mtaalamu, dada mmoja mtulivu, hakukimbilia kunilaza na kunichua. Aliuliza kwanza ninakimbia kiasi gani na wapi, kisha akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Nusura nimpige teke. Akanieleza kwamba maumivu yaliyosambaa sentimita 5 au zaidi huwa hayatishi sana. Yakijikusanya mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, tena yanauma hata umepumzika, hapo anashuku ufa kwenye mfupa, na eksirei ya mapema inaweza isiuone. Kisha nikapandisha kisigino kwa mguu mmoja mmoja mpaka nichoke. Wa kulia ulikata moto wakati wa kushoto bado unadai. "Kaka," akasema, "kigimbi hiki kinategea, mfupa ndio unabeba."

Basi mazoezi: unasimama kwenye ngazi, visigino vinaning'inia, unapanda na kushuka polepole, seti 3 za 15. Kwanza magoti yamenyooka, halafu yamekunjwa kidogo, maana kuna msuli wa ndani ya kigimbi ambao goti likikunjwa ndio unabeba sehemu kubwa ya kazi. Ikizoeleka unabeba uzito. Mimi nilitia mchele kilo 5 kwenye begi la mgongoni, watoto wakacheka. Kisha unaegemea ukuta na kunyanyua vidole vya miguu. Yanachosha kwa kuboa, na matokeo yanaanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, wala si siku.

Kukimbia hakukukatazwa, kulipunguzwa: dakika chache za kukimbia, chache za kutembea, kwenye tambarare. Maumivu yasizidi 2 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yawe yameisha. Akaniongezea hatua fupi za haraka, asilimia 5 hadi 10 zaidi ya nilivyozoea, ili kila kishindo kipungue. Hili ndilo lililonifaa siku ya mbio zenyewe za Kilimanjaro, kwenye mteremko wa kutoka Mweka, ambako ndiko ugoko hupata shida.

Lawama sasa. Kila nilipoenda walinisukumia ile mashine, inagonga tiki-tiki juu ya mfupa, na inalipiwa kando. Tafiti zenyewe juu yake kwa tatizo hili hazijakubaliana, na hilo hakuna aliyenieleza kabla ya risiti. Walitaka pia kuniuzia soli za kuweka ndani ya raba. Nikakataa, na sijazihitaji. Kuchuliwa vigimbi ni raha tupu, unatoka mwepesi, lakini wepesi wenyewe haukai.

Nyota tatu na nusu. Mke wangu analalamikia goti, nitampeleka kwa dada yuleyule akapimwe na kupewa mazoezi ya nyumbani. Wakitaja mashine, tunaaga.